Kuazima Mitaa ya Wengine

Filamu ya katuni ya kale ilichorwa picha moja moja, hadi picha 24 kwa sekunde, kazi iliyotaka watu wengi na fedha nyingi. Injini ya mchezo wa kompyuta, yaani programu inayouendesha mchezo, huzitengeneza picha papo hapo mchezaji anaposogea. Ukirekodi mchezo huo, umepata filamu. Mwaka 1996 wachezaji wa Quake, mchezo wa kupigana kwa bunduki, walitoa kwa njia hiyo kisa kisichofika dakika mbili, Diary of a Camper.

Swali langu, ndugu msomaji, si la hakimiliki. Mtu anayesimulia kwa watu, nyumba na miti ya kubuniwa na wengine, je, habari inabaki kuwa yake?

Tarehe 27 Oktoba 2005 vijana wawili wenye asili ya Afrika, Zyed Benna na Bouna Traoré, walikufa kwa umeme huko Clichy-sous-Bois, karibu na Paris, walipojificha polisi ndani ya kituo cha umeme. Ghasia zikafuata. Mwezi uliofuata Mfaransa Alex Chan, ambaye hakuwa mtu wa filamu, alitoa The French Democracy, ya dakika 13 hivi, kwa kutumia mchezo uitwao The Movies. Mitaa ya Paris haikuwamo, akatumia ya Kimarekani. Maandishi yake ya Kiingereza yana makosa ya kutiwa wino mwekundu. Hata hivyo ningempa alama za juu: angengoja mitaa iliyo sahihi, angenyamaza wakati wa kusema.

Lakini ruhusa ya dharura si ya kudumu. Mjukuu wangu wa Korogwe ametengeneza kwa injini ya namna hiyo hadithi ya fisi na sungura tuliyoisikia kwetu Handeni. Fisi wake anapita katika misonobari ya Ulaya, chini majani mabichi tele. “Babu, miti ilikuwamo tayari, ya bure,” akaniambia. Nikamjibu kwamba hadithi ile ni ya mwaka wa ukame. Katika nchi iliyokauka, fisi anayeiba ana njaa, na msikilizaji husita kabla ya kumhukumu. Katika msitu ule wa kijani ni mwizi tu. Miti ya kuazima imekwisha kutoa hukumu, na kijana hakuulizwa.

Akanuna siku mbili. Sasa amechora mbuyu mmoja, nao una majani mengi mno kwa mwezi wa Septemba.