Kabla ya Kumkatia Tamaa Harry Dresden

Harry Dresden ni mchawi wa Chicago anayeishi kwa kazi ya upelelezi, na jina lake limo katika kitabu cha simu chini ya kazi ya uchawi, wazi kabisa, kama matangazo ya waganga wetu kwenye nguzo za umeme. Aliyemuumba ni Mmarekani Jim Butcher, na riwaya ya kwanza, Storm Front, ilitoka mwaka 2000. Niliisoma, nikasoma na ya pili, Fool Moon, kisha nikaziweka kando kwa miaka mingi.

Sababu zangu sijazifuta. Mwanamke hawezi kuingia mlangoni kwa Dresden bila kwanza kuelezwa umbo lake, shida iliyomleta baadaye. Halafu mimi nimekulia kwenye riwaya za Muhammed Said Abdulla. Katika Mzimu wa Watu wa Kale, mpelelezi wake, Bwana Msa, hatishwi na habari za mizimu. Anachunguza mpaka ampate binadamu aliyeua. Kwa Butcher mizimu ni mizimu kweli, nami niliona upelelezi wa namna hiyo hauna jasho: fumbo likikaza, uchawi utalifumbua.

Aliyenirudisha ni mpwa wangu. “Mjomba, anza na cha tatu,” alisema, akaniachia Grave Peril mezani.

Humo ndimo anamotokea Michael Carpenter, seremala, Mkatoliki mwenye mke na watoto tele, anayewakabili mashetani kwa upanga na sala, kisha anarudi kwenye randa yake. Humo pia Dresden anamwokoa mpenzi wake, Susan Rodriguez, kutoka kwa wanyonya damu, lakini Susan anarudi akiwa nusu mmoja wao, na vita vinazuka kati ya wachawi na ukoo huo. Nilitarajia kitabu cha nne kianze upya, kesi mpya, jeraha limesahaulika. Haikuwa hivyo. Summer Knight inamkuta Dresden hajaoga, hajanyoa, kodi imemlemea, amejifungia akimtafutia Susan tiba. Vita vile, nasikia, vinaendelea hadi Changes, kitabu cha 12, kilichotoka mwaka 2010.

Hapo nikaelewa ninachosoma. Uchawi wa Butcher haufuti deni. Hata Fool Moon niliporudi kuisoma, nilisimama kwa Kim Delaney, msichana anayemuuliza Dresden maana ya mchoro fulani wa uchawi. Dresden anakataa kumweleza, eti anamkinga. Msichana anakwenda kujaribu na elimu nusu, anakufa. Mbegu ilikuwa imeshapandwa, ila mkono wa mpandaji ulikuwa bado mchanga. Butcher alianza kuandika habari za Dresden akiwa mwanafunzi katika darasa la mwandishi Deborah Chester, huko Chuo Kikuu cha Oklahoma. Tulikuwa tunasoma kazi ya mtu anayejifunza mbele ya macho yetu.

Nauliza ni wangapi tunaowapa nafasi hiyo. Mwalimu wa mwaka wa kwanza darasani, kijana aliyeajiriwa juzi: tunawapima kwa kazi yao ya mwanzo, na hukumu hiyo inawafuata mpaka wastaafu. Kumpa mtu nafasi ya pili si lazima useme kasoro haikuwepo. Maelezo ya Dresden kuhusu wanawake bado yananikera, na mpwa wangu, ambaye ni msichana, yanamkera zaidi. Tunabishana naye kila wiki, naye hajaacha kusoma.

Sasa nimemaliza Small Favor, kitabu cha 10. Michael amepigwa risasi na amelala hospitalini. Mkewe, Charity, tangu mwanzo hakupenda mumewe amfuate Dresden kwenye hatari, na sasa nataka kuona yeye na Dresden watatazamana vipi usoni.