Haya Isiyokuwa Haya

Ramadhani iliyopita alinijia kijana wa miaka 16 baada ya sala ya Alasiri, akangoja mpaka watu wakatoka msikitini. Kwa taabu akanieleza kuwa kwa muda wa mwaka mzima huota usiku akaamka nguo zimerowa, naye akidhani ni maradhi. Asubuhi hutawadha akasali. Kuoga janaba hakukujua. Nikamwambia saumu zake zimesihi, kwani kuamka na janaba hakubatilishi saumu, lakini sala zile yampasa azilipe. Akalia.

Baba yake ni mtu wa safu ya mbele. Nilipomwuliza, alinijibu: "Shekhe, niliona haya."

Je, hiyo ndiyo haya isifiwayo katika dini yetu? Ummu Sulaym, Mwenyezi Mungu amuwie radhi, alimwuliza Mtume (s.a.w.) habari ya mwanamke aotaye, naye akamjibu pasi na kumkemea. Na Bibi Aisha aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kujifunza dini yao. Imamu Nawawi katika Majmuu ameeleza kuwa ni wajibu wa baba na mama kumfunza mtoto, kabla hajabaleghe, twahara na sala, na uharamu wa zinaa, na kwamba akibaleghe atahesabiwa. Kabla, wala si baada!

La ajabu ni kuwa kijana yule ameihifadhi Safina, na alama za kubaleghe zimo katika kurasa zake za mwanzo. Amezisoma kama kasuku. Hapa sisi waalimu tuna lawama yetu.

Ama wasichana, zamani walikuwa na masomo wao, wanawake watu wazima waliowafunza mambo ya hedhi. Katika ngoma zao mlikuwa na mengi tusiyoyakubali. Lakini tulipoikataza ngoma tuliyatupa na mafunzo, tusiweke badala yake. Leo mama humwambia bintiye, "Usikae na wanaume," basi. Mama huyo pengine mwenyewe hajui kuwa yai la uzazi huweza kupevuka kabla ya hedhi ya kwanza, hata msichana asiyewahi kuona damu akaweza kushika mimba. Hesabu ya Serikali ya Kenya ya mwaka 2022 yaonyesha kuwa katika kila wasichana 100 wa miaka 15 hadi 19, 15 walikwisha kupata mimba.

Watasema kumfunza mtoto ni kumfumbua macho. Macho hayo yamekwisha fumbuliwa na simu uliyomnunulia wewe; lililobaki ni nani atakayemwambia lililo halali na lililo haramu katika aliyoyaona. Nakubali kuwa si kila neno ni la kila umri.

Kijana yule sasa kila siku hulipa sala tano juu ya zile za wakati wake. Baba yake ameniomba nimfunze mdogo wake, mwenye miaka 11. Nimekataa. Nimemsomesha yeye baba mlango wa josho, kisha nikamwambia aende akamfunze mwanawe mwenyewe.