Kitanda Usichokilalia Hujui Kunguni Wake

Kitanda kilichotandikwa vizuri mchana hakisemi kitu. Shuka imenyooshwa, mto umekaa mahali pake, na mgeni akichungulia atadhani mwenyewe analala raha. Kumbe kunguni wamejibana kwenye maungio ya tendegu na mifumbati na ndani ya misokoto ya kamba, wakingoja taa izimwe. Anayewajua ni yule anayeamka usiku wa manane akijikuna, hata akaishia kulala sakafuni mpaka alfajiri.

Wahenga waliona kwamba maisha nayo hutandikwa shuka. Ndoa, kazi, ugonjwa, ujane, vyote vina maungio ambayo mpita njia hayaoni. Ndiyo maana methali hii hutolewa zaidi na mtu anayejikinga. Mwanamke amerudi kwao, majirani wanasema angevumilia kidogo. Anawajibu kwa methali hii, nao wananyamaza. Ana haki ya kujibu hivyo, kwa kuwa kumhukumu mtu kwa usingizi ambao hukuulala ni dhuluma.

Lakini methali ina upande wa pili tunaousahau. Ikiwa asiyekilalia hajui, basi aliyekilalia anajua. Ujuzi huo alioupata kwa kung'atwa ni wa kazi gani?

Niliwahi kukaa msibani kwa mama aliyefiwa na mtoto mchanga. Waliokuja walikuwa wengi, na maneno yao yalikuwa mema: kazi ya Mungu haina makosa, jipe moyo, Mungu atakupa mwingine. Mama aliitikia ahsante kwa kila mmoja, macho yake yakiwa mkekani. Kisha akaingia bibi mmoja wa jirani ambaye ujanani mwake alizika watoto wawili. Alivua kandambili, akaketi karibu naye, akamshika mkono, akakaa kimya kitambo kirefu. Halafu akamwinamia na kumuuliza polepole, “Mwanangu, maziwa yanakuuma?” Mtoto alikuwa bado ananyonya. Tangu jana yake hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kwamba matiti ya mama hayajui habari za kifo. Hapo ndipo mama alipolia kwa mara ya kwanza.

Swali lile halikutoka kitabuni. Lilitoka kwenye kitanda ambacho bibi yule alikilalia zamani.

Imani ya Kikristo inakwenda mbali zaidi: inakiri kwamba Mungu mwenyewe alikuja kukilalia kitanda chetu. Kristo alilazwa horini, akaona njaa na uchovu, akasalitiwa na rafiki aliyekula naye. Akielekea kaburini kwa Lazaro alilia, ingawa alijua atamfufua muda si mrefu. Ndiyo maana Waraka kwa Waebrania unatuambia tuna kuhani mkuu anayeweza kuchukuliana nasi katika udhaifu wetu, kwa kuwa yeye naye alijaribiwa kama sisi, ila hakutenda dhambi. Msalaba ni mahali ambapo Mungu alilala juu ya mateso ya binadamu. Mkristo anayelia usiku hamwelezi Bwana wake habari ngeni.

Naye Paulo, anapowaandikia Wakorintho waraka wake wa pili, anaanza na jambo hili hili: Mungu hutufariji katika dhiki ili nasi tuweze kuwafariji walio katika dhiki. Kwa hiyo faraja ni amana. Aliyeipokea ana wa kumpelekea.

Tumtazame Mtakatifu Josephine Bakhita. Alizaliwa Darfur, Sudan, karibu mwaka 1869, akatekwa na wafanyabiashara wa watumwa akiwa bado mtoto. Kwa hofu alilisahau hata jina alilopewa na wazazi wake. Waliomteka ndio waliomwita Bakhita, neno la Kiarabu lenye undugu na “bahati” yetu. Aliuzwa mara kadhaa. Alichanjwa mwilini kwa wembe, na vidonda vikatiwa chumvi ili makovu yabaki. Hatimaye alifikishwa Italia, ambako mwaka 1889 mahakama mjini Venice ilitamka kuwa yu huru, na Januari 1890 akabatizwa. Akawa mtawa, na kwa miaka mingi katika mji wa Schio alikuwa mpishi, mshonaji na mlinda mlango. Watoto waliopita mlangoni pale walipokewa na mikono iliyowahi kufungwa minyororo, nayo ikawagusa kwa upole. Aliwaombea hata waliomteka. Kufa kwake mwaka 1947 hakukuwa bila uchungu: katika homa alirudi utumwani, akimsihi muuguzi amlegezee minyororo kwa kuwa ilikuwa mizito. Neema haikuwa imeyafuta makovu yake. Ilizuia tu yasigeuke kuwa chuki.

Hapa pana tahadhari. Mateso peke yake hayamfundishi mtu huruma. Wapo waliong'atwa wakawa wakali, wakasema mimi nilivumilia, na wewe vumilia. Kwa hiyo tusiwasifu kunguni, wala tusimwambie anayeteseka kwamba ni kwa faida yake. Marafiki wa Ayubu walifanya vyema siku saba walizoketi naye chini kimya. Walikosea walipoanza kumweleza sababu. Kinachogeuza maumivu kuwa huruma ni neema, na neema huanza kazi mtu anapokubali kwamba yeye naye alifarijiwa bila kustahili.

Nyumbani, kunguni wakizidi, kitanda hutolewa nje, kikaanikwa juani na kumwagiwa maji yanayochemka. Kitanda ni kizito, mtu mmoja hakiwezi. Jirani wa kumwita ashike upande wa pili ni yule aliyewahi kulala kwenye kitanda kama hicho, maana maji yakishachemka, yeye anajua pa kuyamwaga.