Aliyepona Arudi kwa Nani?

Kule Lutindi, katika milima ya Usambara, mwaka 1896 ilianzishwa nyumba ya kuwalea watoto waliookolewa utumwani. Baadaye ikawa hospitali ya wagonjwa wa akili. Sisi tuwatumikiao wagonjwa wa namna hiyo twaijua kazi yenyewe: kumwosha mtu atutukanaye (na matusi huzoeleka), kumpa dawa, kushika jembe pamoja naye hata akili zake zitulie. Hayo twayaweza. Lakini akiisha kupona twaandika barua kwao, wala hakuna ajaye kumchukua. Yule mtu wa makaburini, katika Marko 5, alitaka kufuatana na Yesu. Bwana akamrudisha kwa jamaa zake. Nanyi walimu na wazee, jamaa za huyu wetu wamo katika usharika wenu. Je, mmekwisha kuwaambia ya kuwa amepona?