Uaminifu wa Nakala

Mteja anayefika kwa seremala wa Kabati, Kitui, siku hizi huja na picha kwenye simu. Anataka kitanda kama kile, au makochi kama yale aliyoyaona Nairobi. Seremala anaitazama picha, anauliza ukubwa wa chumba, anataja bei. Hakuna anayemshuku kwa udanganyifu, kwa kuwa kitanda ni cha kulalia, na kikibeba usingizi kimetimiza ahadi yake. Lakini ombi hilohilo likielekezwa kwenye gitaa lililoundwa Hispania katika karne ya 19, linazua swali ambalo kitanda hakikuwahi kutuuliza: nakala inapaswa kuwa aminifu kwa kitu gani?

Wapo mafundi, Ulaya na kwingineko, wanaotumia maisha yao kuunda upya kwa mkono magitaa ya Antonio de Torres, fundi wa Almería aliyezaliwa 1817 na kufa 1892. Umbo la gitaa la klasiki tunalolijua leo limetoka kwake kwa kiasi kikubwa: nyuzi zenye urefu wa milimita 650, ubao wa juu mwembamba, na chini yake vijiti saba vilivyotandazwa kama vidole vya kiganja kilichofunguliwa. Yote haya hupimika. Michoro yake ipo, na mwenye subira anaweza kuifuata hadi sehemu ndogo ya milimita.

Tatizo ni mti. Mbao mbili zilizopasuliwa kutoka gogo moja hutofautiana kwa uzito na ugumu. Fundi akiupunguza ubao wake mpaka unene uleule wa Torres, na ubao huo ukawa mgumu kuliko ule wa Almería, gitaa litatii kipimo na kuisaliti sauti. Akiendelea kupiga randa hadi ubao uitike anavyotaka, ameasi mchoro. Lazima achague, na mimi namuunga mkono anayeasi. Kipimo kilikuwa jibu la Torres kwa ubao aliokuwa ameushika siku ile. Ubao mwingine unastahili jibu lake.

Hata hivyo uasi huo nao una ugumu wake, kwa maana anaitafuta sauti ipi? Gitaa la Torres tunalolisikia leo limekaushwa na miaka zaidi ya 130, likachezwa, likapasuka, likatengenezwa. Torres mwenyewe hakuwahi kuisikia sauti hiyo. Aliyoisikia yeye, ya gitaa jipya lililotoka mikononi mwake, hakuna aliye hai anayeikumbuka. Anayenakili sauti ya leo ananakili uzee. Anayeitafuta sauti ya awali anakisia.

Padri Juan Martínez Sirvent, aliyemjua Torres uzeeni, aliandika miaka mingi baadaye kwamba walipomsihi asife na siri yake, fundi huyo alijibu kwamba hawezi kuiacha, maana imo katika ncha za kidole gumba na cha shahada, vinapopapasa ubao. Naamini hakuwa akificha kitu. Alikuwa akisema kwamba kilicho cha maana katika gitaa lake ni uamuzi, na uamuzi haupimwi kwa rula.

Wakamba wana ushahidi wao juu ya jambo hili. Mutisya Munge wa Wamunyu, upande wa Machakos, alirudi kutoka Tanganyika baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia na ufundi wa kuchonga aliokutana nao huko. Kutoka kwake ukaenea, twiga kwa twiga, swala kwa swala, mkono ukiiga mkono. Mpingo na muhugu vilipoadimika, wachongaji wengi waligeukia mwarobaini na mwembe. Mti umebadilika, na twiga bado ni wa Wamunyu. Kilichohama kutoka kwa mchongaji hadi mwanafunzi wake ni namna ya kuamua patasi izame wapi na ikome wapi.

Katika magitaa nako, Hermann Hauser, fundi Mjerumani, alikutana na mpiga gitaa Andrés Segovia mjini Munich mwaka 1924 na kulichunguza gitaa alilokuwa akilichezea. Kibandiko cha gitaa hilo la 1912 kilikuwa na jina la Manuel Ramírez, mwenye karakana ya Madrid, ingawa inaaminika mkono ulioliunda ni wa Santos Hernández. Hauser aliunda magitaa, moja baada ya jingine, Segovia akiyakataa, mpaka 1937 alipopata lililomridhisha. Segovia alilichezea kwa robo karne. Lilianza kama kuiga, na leo mafundi wengine wanaliiga lenyewe.

Kwa hiyo fundi wa Kabati akiamua kuunda gitaa kwa mchoro wa Torres, simwoni kuwa na upungufu kwa kukosa mbao za Hispania. Mwaka 1862 Torres aliunda gitaa ambalo mgongo na mbavu zake ni za karatasi iliyogandishwa, ili kuonyesha kwamba sauti inategemea hasa ubao wa juu. Liko katika jumba la makumbusho la muziki Barcelona. Baada ya hapo nani atamkataza mtu wa Kitui kutumia mwarobaini mgongoni? Ubao wa juu ndio utakaomhangaisha, na hapo itambidi apapase, agonge, asikilize, apunguze. Akimaliza, ndani abandike karatasi isemayo kuwa mchoro ni wa Torres, na chini yake jina lake mwenyewe, Kabati, na mwaka.