Betri Kuukuu Mtaizika Wapi?

Nyinyi mnaosema gari la umeme litatuosha, nasema nanyi. Nanyi mnaolicheka, nisikilizeni pia. Natoka ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, huku Likoni, Kisauni na Changamwe. Mafuta ya nchi hushushwa Kipevu, na tangu 1978 bomba huyapandisha hadi Nairobi. Safari huwa za wengine, masizi yakabaki kwetu. Lakini leo siwashtaki wa mbali.

Nendeni kwenye foleni ya feri Likoni, saa kumi na moja jioni. Magari yamesimama, hayana pa kwenda, na injini zanguruma. Kando yao yuapita mama na mtoto aliyemshika mkono, na pua ya mtoto iko karibu na ekzosi kuliko ya mama yake. Dereva amepandisha vioo, apulizwa na hewa baridi. Nani aliyemlazimisha? Ufunguo uko mbele ya goti lake. Na akifika nyumbani ndiye wa kwanza kulia kwamba petroli imepanda.

Ole wako dereva, ikiwa huoni aibu kumlisha moshi mtoto wa jirani yako.

Ila moshi ni dhambi ndogo. Kubwa ni hii: jambo lililotuua tunalikaribisha tena, kwa mlango mwingine.

Kwa miaka mingi petroli ilitiwa risasi, madini yale mazito yanayoingia katika damu ya mtoto na kumpunguzia akili kabla hajaijua herufi ya kwanza. Mwanzoni mwa 2006 nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana na petroli hiyo. Tukashusha pumzi. Mwaka uliofuata, 2007, kando ya mtaa wa Owino Uhuru, pale Mikindani, kiwanda kikaanza kuyeyusha betri kuukuu za magari ili kupata risasi iliyomo. Moshi ukatua juu ya mabati, maji machafu yakapita katikati ya nyumba. Phyllis Omido, aliyeajiriwa pale, alipompima mwanawe mchanga alikuta risasi katika damu yake. Akaondoka akapiga kelele, akakamatwa, akaendelea. Kiwanda kilifungwa 2014. Mwaka 2020 mahakama ya Mombasa iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ikaifuta, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu Zaidi ikairudisha. Hesabuni wenyewe: mtoto aliyezaliwa mwaka ule tanuru lilipowashwa ni mtu mzima sasa. Karatasi ya hukumu haiwezi kuitoa risasi mifupani mwake.

Waliohukumiwa wamehukumiwa, na ni haki. Lakini risasi ile haikuchimbwa Mikindani. Ililetwa ndani ya betri, na betri zilitoka chini ya boneti za magari. Mwenye gari alipoiuza kwa kilo, akatia noti mfukoni, hakuuliza yaenda wapi. Hata leo haulizi.

Nawe fundi wa betri, unayeitoboa kwa msumari na kumwaga tindikali mtaroni ili uzito wa maji usikusumbue! Mvua ya masika itaibeba mpaka kisimani pa mwenzio. Nawe mnunuzi wa vyuma chakavu, unayezipasua kwa nyundo uani, watoto wakicheza juu ya vumbi lake: zaidi ya nusu ya uzito wa betri ile ni risasi, na vumbi lile halionjeki, halinuki. Wanao ndio watakaolila kwanza.

Sasa pikipiki na tuktuk za umeme zaja. Karibuni! Umeme wa nchi hii, karibu tisa katika kila kumi, hutoka kwenye mvuke wa Olkaria, maji ya mito, upepo wa Turkana na jua. Sina neno baya juu yake, natamani foleni ya Likoni iwe kimya kabla sijafa. Lakini betri hufa. Nyingine, hasa za vyombo vya bei rahisi, ni za risasi ile ile. Za lithiamu zikitobolewa huweza kuwaka moto usiozimika upesi. Mtu akienda kununua, huuliza bei, huuliza itakwenda kilomita ngapi, huuliza rangi. Sijamsikia hata mmoja akiuliza: ikifa, nani ataichukua?

Ulizeni! Sheria ya taka ya 2022 inamtaka aletaye bidhaa sokoni abebe mzigo wake inapokwisha kazi. Mtakeni muuzaji aandike kwenye risiti kwamba ataipokea tena. Akikataa, msimpe pesa yenu. Na iliyokwisha msiipasue, msiimwage. Ipelekeni nzima kwa mwenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira, hata akiwapa kidogo kuliko mwenye nyundo.

Mtaniambia tofauti ile ni ya unga wa siku mbili. Najua, na njaa naijua. Waliouza kwa kilo wakati ule nao walinunua unga, na unga ule uliliwa ukaisha. Udongo wa Owino Uhuru bado una risasi, na kuna mtoto aliyekaa juu yake leo, anatia kidole kinywani.