Deni la Mandhari

Mgeni akila, humjua aliyempikia. Sahani ina mwenyewe, na shukrani ina pa kuelekea. Lakini akiinua macho akautazama mlima, amshukuru nani? Wengi hujibu kwamba uzuri ni wa Mungu, na cha Mungu hakina bei. Jibu hilo ni zuri, ila halijatimia.

Tutazame Bagara, kata ya mji wa Babati, mkoani Manyara. Mlima Kwaraa umeuinamia mji huo kwa msitu wake, na jirani limetandaa Ziwa Babati na viboko wake. Mgeni ashukaye hapo, kwenye njia ya Arusha kwenda Dodoma, hunawishwa mikono, akaandaliwa ugali kwa samaki wa ziwani, akashukuru. Baadaye hutoka nje akautazama mlima na ziwa, na hapo ulimi wake hukaa kimya, kana kwamba hakupewa kitu.

Kumbe amepewa. Msitu wa Kwaraa umesimama kwa kuwa ni hifadhi, na walio chini yake wamezuiwa shoka hata pale kuni zinapoadimika. Viboko wanaompendeza mgeni mchana ndio watokao majini usiku wakamla mkulima mahindi yake. Basi mandhari nayo ina wapishi. Tofauti ni kwamba hawa hupika kwa kujinyima, na anayejinyima haonekani.

Wajapani wana neno walisemalo kabla ya kula, *itadakimasu*, maana yake ni kupokea kwa unyenyekevu. Shukrani hiyo haikomei kwa mpishi. Humfikia mkulima, mvuvi, hata kiumbe kilichotoa uhai wake. Hata hivyo, nchi hiyo yenye adabu ya chakula imejifunza kwa uchungu kwamba macho nayo hula. Mwezi Mei 2024, katika mji wa Fujikawaguchiko, wenyeji walitundika pazia jeusi lenye kimo cha mita 2.5 na urefu wa mita 20, kuuficha Mlima Fuji mahali ambapo wapiga picha walikuwa wakiziba njia, wakitupa taka na kuingia penye milki za watu. Mlima wenye mita 3,776 haukupungua hata chembe kwa kutazamwa. Waliopungukiwa ni majirani zake.

Yupo atakayesema: mgeni na alipe kiingilio, yaishe. Malipo ni haki, na anayesifu tu bila kutoa ni mnyang'anyi mwenye maneno matamu. Lakini fedha hulipia hasara; hailipii hisani. Aliyenunua tikiti hudhani amenunua na ruhusa ya kuchungulia madirishani. Ndiyo maana fedha haitoshi pasipo adabu, na adabu ya mtazamaji huanza kwa kuuliza: ni nani aliyekosa ili mimi nione?

Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Wengi huushika mwanzo wa methali, karibisho, wakausahau mwisho wake, sharti. Mgeni ambaye ujio wake haumponyi mwenyeji hajawa mgeni bado. Ni mpita njia mwenye macho makubwa. Na mwenyeji aliyechoshwa, awe Fujikawaguchiko, Bagara au pwani ya visiwani, ana haki ya kushusha pazia, kama vile mpishi alivyo na haki ya kufunika chungu chake.